Signal (2016): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ile Redio, Muda Unaogeuka na Watu Wake

Kila mtu ninayempa Signal aangalie ananirudia na maswali yaleyale, wengine saa nane usiku wametoka kumaliza epsodi ya mwisho na hawawezi kulala, so nimeyakusanya hapa. Kama hujaiangalia kabisa, soma sehemu ya kwanza tu halafu ukaiangalie kwanza, maana kuanzia sehemu ya pili naanika kila kitu mpaka mwisho.

## Kwa ambao hawajaanza

Signal inahusu nini?

Ni tamthilia ya Korea Kusini, epsodi 16, ilirushwa na tvN kuanzia Januari mpaka Machi 2016. Imeandikwa na Kim Eun-hee, ambaye baadaye aliandika Kingdom, na kuongozwa na Kim Won-seok, aliyekuwa ametoka kufanya Misaeng. Park Hae-young (Lee Je-hoon) ni polisi kijana wa mwaka 2015, kazi yake kuchambua tabia za wahalifu. Siku moja anaokota redio ya upepo ya zamani, ile ya polisi, kubwa nzito, na kwenye redio kuna mtu anamwita kwa jina. Huyo mtu ni mpelelezi Lee Jae-han (Cho Jin-woong) na yupo mwaka 2000. Kati yao yupo Cha Soo-hyun (Kim Hye-soo), mwaka 2015 ni bosi wa kitengo cha kesi zilizokwama, na zamani alikuwa askari mpya chini ya Jae-han. Basi wanaanza kufukua kesi ambazo polisi walishindwa, mmoja akiwa kwenye wakati wa tukio lenyewe na wengine wakiwa na faili lenye vumbi.

Ni ngumu kuelewa? Nasikia inachanganya.

Inachanganya kama unaangalia huku unachati. Miaka inaandikwa kwenye skrini kila wanaporuka, 1989, 1995, 1997, 1999, 2000, ukikosa hiyo namba moja umepotea. Ushauri wangu angalia yenye maandishi chini, na weka simu mbali kidogo. Zile za kutafsiriwa kwa sauti nazipenda sana kwa action, ila hapa zitakunyima utamu, kwa sababu mambo mengi yapo kwenye jinsi Jae-han anavyoongea, leo kwa hasira kesho kwa kuchoka, na sauti ya mtafsiri ikikaa juu yake inafunika vyote hivo.

Halafu picha yenyewe inakusaidia. Zamani ina rangi iliyofifia na umbo lililovutwa kidogo kama kanda za video za kipindi kile, sasa hivi ni safi. Ukishazoea jicho linakwambia upo mwaka gani kabla hata hujasoma.

## Redio inafanyaje kazi

Kwa nini Jae-han anamjua Hae-young tangu siku ya kwanza?

Hili ndo swali namba moja, na ukilielewa hili umeshaelewa nusu ya tamthilia. Mawasiliano yao hayaendi sambamba. Kwa Hae-young, kuongea na Jae-han wa mwaka 2000 ni mara ya kwanza. Kwa Jae-han hiyo ni karibu na mwisho, ameshaongea na huyu kijana kwa miaka kumi na kitu. Ndo maana anamwita afande Park bila kuuliza wewe nani, na ndo maana anamwambia mawasiliano yataanza tena na amshawishi Jae-han wa mwaka 1989. Baada ya hapo redio inampeleka Hae-young huko 1989, kwa Jae-han askari mdogo asiyemjua kabisa, na sasa Hae-young ndo mwenyeji na Jae-han ndo mgeni.

Yaani mmoja anamalizia pale mwenzake anapoanzia. Halafu angalia na muda unavyopita: kwa Hae-young ni siku na wiki za mwaka uleule, kwa Jae-han kati ya simu moja na nyingine inaweza kupita miaka. Hae-young akilala akaamka, Jae-han ameshazeeka miaka sita na amebeba misiba ambayo Hae-young hajaiona.

Redio haina betri, inapata wapi nguvu?

Tamthilia haielezi, na mimi naona imefanya vizuri. Tunachopewa ni kanuni: inawaka saa 5 na dakika 23 usiku, inaongea kidogo tu halafu inakata, na hakuna anayeweza kuiita yenyewe. Kim Eun-hee angekuja na maelezo ya kisayansi tungeanza kubishana na sayansi yake tukaacha kuangalia watu. Kanuni zake ni chache na hazivunji, hilo ndo la muhimu. Ukiwa na kanuni chache ukaziheshimu mtazamaji anakuamini, mimi hiyo ndo naita lojiki, kuliko kuwa na maelezo marefu halafu epsodi ya kumi unayakanyaga mwenyewe.

Si angemwambia tu majina ya wahalifu wote siku moja wakamaliza?

Muda hautoshi, na mara nyingi Hae-young mwenyewe hayajui hayo majina, anasoma faili za kesi zilizoshindikana kwa hiyo faili halina jibu. Ila sababu kubwa ni kwamba dokezo likitoka mwaka 2015 na kufika 1995 bila ushahidi wa 1995, linaweza kuua mtu asiye na hatia. Hilo lilitokea kweli, soma swali la Oh Kyung-tae hapo chini.

## Zamani ikigeuka

Kitu cha kwanza kubadilika ni kipi?

Ni kesi ya mauaji ya wanawake ya mwaka 1989. Hae-young anamtajia Jae-han mahali utakapokutwa mwili, Jae-han anakwenda anamkuta yule mama bado anapumua. Na mwaka 2015 Hae-young ana faili mkononi, anaangalia, maandishi yanageuka mbele ya macho yake, aliyekuwa ameuawa anakuwa amejeruhiwa. Picha zilizobandikwa ukutani nazo zinageuka. Hakuna radi wala mwanga wala muziki wa kutisha, ni karatasi tu. Mimi nilirudisha nyuma mara tatu.

Ila furaha ile haikai. Muuaji aliyeshindwa kumalizia mmoja anabadilisha mwendo wake, na mpangilio wa waliofuata unavurugika. Mmoja wa waliofuata ni Kim Won-kyung, dada aliyekuwa akifanya kazi ofisi ya mtaa, ambaye Jae-han alikuwa anampenda na hajawahi kumwambia.

Nani anakumbuka historia ya zamani na nani hakumbuki?

Watu wa kawaida hawakumbuki, kwao mambo yalikuwa hivo siku zote. Hae-young anakumbuka zote mbili. Wengi wanauliza mbona Soo-hyun anakufa katikati ya tamthilia, akirudi hajui kama alikufa, ila mwishoni anakumbuka, hii si kasoro? Siyo kasoro. Mara ile ya kwanza alikuwa hajawahi kuongea kwenye redio. Baadaye anaishika mwenyewe, anaongea na Jae-han wa mwaka 2000, anamsihi asiende ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Seonil. Kuanzia hapo naye ni mmoja wa walioguswa na redio, na kumbukumbu yake inabaki. Hawakutusimamishia mtu wa kutuelezea, wamemfanya aongee kwenye redio tu, ukiwa makini unaunganisha.

Kesi ya Oh Kyung-tae, kosa lilikuwa la nani?

Hapa nakaa kidogo maana hii kesi ndo moyo wa tamthilia kwangu.

Mwaka 1995 kuna wizi kwenye nyumba za matajiri. Kwenye historia ya mwanzo mwizi hakupatikana. Hae-young anatoa dokezo, dokezo linawapeleka polisi kwa Oh Kyung-tae, aliyewahi kuwa mwizi lakini ameacha, anamlea binti yake, na Jae-han anamfahamu vizuri. Anakamatwa. Binti yake anafariki kwenye ajali ya daraja lililoporomoka, na yeye anakwenda jela miaka 20 kwa wizi ambao hakuufanya. Anatoka mwaka 2015 akiwa mtu mwingine kabisa, analipiza kisasi, na kisasi hicho kinamuua Soo-hyun kwenye mlipuko wa gari.

Sasa nani mkosaji? Mwizi halisi ni Han Se-gyu, mtoto wa mwendesha mashtaka, kwa hiyo uovu ni wake na wa waliomlinda. Ila tamthilia haimwachii Hae-young aondoke hivo tu. Alikuwa na nia nzuri na akili nyingi na taarifa kutoka miaka 20 mbele, na bado kaharibu maisha ya mtu. Jae-han anataka redio inyamaze, anasema hivi vitu tusiviguse tena. Wanapokubaliana kujaribu tena, safari hii wanatafuta ushahidi wa mwaka 1995 wenyewe, wanampata Han Se-gyu, na Soo-hyun anaingia ofisini akiwa hai, anashangaa kwa nini Hae-young anamkumbatia.

Angalia ambaye hakurudi. Yule mtoto wa darajani. Redio ilimrudisha polisi, mtoto haikumrudisha, na baba yake hana redio.

Kwa nini wengine wanaokolewa na wengine hapana?

Hakuna mizani ya kiungu hapo. Anaokolewa yule ambaye mtu alifika kwa wakati. Jae-han akichelewa, amechelewa, hata kama taarifa anayo. Kwa kaka yake Hae-young, aliyebambikiwa kesi akafa, alichelewa.

## Kesi za kweli nyuma ya tamthilia

Ni kweli mauaji ya 1989 yametokana na tukio la kweli?

Ndiyo. Wilaya ya Hwaseong, mkoa wa Gyeonggi, kati ya 1986 na 1991 wanawake 10 waliuawa na muuaji hakupatikana. Tamthilia ilivyorushwa 2016 bado hakuna aliyekuwa anajua ni nani, kwa hiyo mwandishi akatunga jibu lake: dereva wa basi anayemficha mwanae, na kondakta aliyejua akanyamaza.

Miaka mitatu baadaye, 2019, vinasaba kutoka kwenye vielelezo vya zamani vikamwonyesha Lee Choon-jae, na alikuwa gerezani tayari, amefungwa maisha kwa kumuua shemeji yake mwaka 1994. Akakiri mauaji 14. Ila hakushtakiwa kwa yale ya Hwaseong kwa sababu muda wa kushtaki uliisha 2006. Na kuna kitu kinachonifanya niifikirie ile kesi ya Oh Kyung-tae kila nikirudia: kwenye moja ya mauaji yale kulikuwa na mtu aliyefungwa kwa kosa lisilo lake, akakaa ndani karibu miaka 20, akasafishwa na mahakama Desemba 2020. Mwandishi alikuwa ameshaandika mtu wa namna hiyo kabla Korea haijajua kwamba anaye.

Hiyo ya muda wa kushtaki kuisha ni sheria ya kweli au wametunga?

Ni ya kweli. Korea mauaji yalikuwa yanashtakiwa ndani ya miaka 15 tu, mwaka 2007 wakapandisha mpaka 25 lakini kwa makosa mapya, ya zamani yakabaki na 15 yake. Julai 2015 wakafuta kabisa ukomo huo kwa mauaji ambayo muda wake ulikuwa haujaisha. Sheria inaitwa kwa jina la Tae-wan, mtoto wa miaka sita wa Daegu aliyemwagiwa tindikali mwaka 1999 akafariki, kesi yake ikaisha muda na sheria ikawa haimfikii.

Kwa hiyo epsodi ya pili, wanavyohangaika na saa ya ukutani, yule nesi anayeshukiwa kumuua mtoto amekaa chumba cha mahojiano anasubiri tu usiku wa manane upite, ile presha siyo ya kutunga. Ukipita usiku wa manane, muuaji anaweza kukuangalia usoni akasimama akaenda nyumbani kwake.

Na lile daraja? Na kesi ya Inju?

Daraja linamkumbusha kila Mkorea daraja la Seongsu lililoporomoka Seoul tarehe 21 Oktoba 1994, watu 32 wakafariki. Inju ni mji wa kutunga, ila kesi ya wavulana wengi kumbaka binti mmoja na mji mzima kumgeuzia kibao mwathirika inafanana na ya Miryang ya mwaka 2004. Sitaki kuielezea zaidi ya hapo, yule binti wa kweli bado ni mtu.

## Wahusika

Kwa nini watu wanampenda sana Lee Jae-han?

Hawazidi wengine akili, hana cheo, hana mtu juu, ana ukaidi tu. Na mwandishi haelezi wema wake kwa maneno, anauonyesha kwa vitendo vidogo ambavyo mwenye kusaidiwa hata hajui.

Chukua scene ya sinema. Won-kyung alikuwa amenunua tiketi, mbili, na zinamfikia Jae-han baada ya mazishi. Anakwenda mwenyewe. Filamu ni ya kuchekesha, ukumbi mzima unacheka, na lile jibaba limekaa katikati linalia mpaka mabega yanatikisika. Kamera haimkimbilii usoni haraka, inakuacha usikie kicheko cha watu kwanza. Cho Jin-woong pale hana hata mstari mmoja wa kusema.

Halafu omuraisi, ule wali wa kukaangwa unaofunikwa na yai. Hae-young mtoto, kaka amekufa, wazazi wameachana, anaingia peke yake kwenye mgahawa wa watu wazima wanaokula nyama ya kuchoma, anaagiza omuraisi. Haipo kwenye menyu. Mama mwenye mgahawa anampikia, kesho tena, keshokutwa tena. Anakuja kujua ukubwani kwamba kuna polisi alikuwa anapita kumlipia na kukaa meza ya pembeni kumwangalia akila. Huyo mtoto alikua akiwachukia polisi wote.

Hae-young anachukia polisi, sasa kwa nini akawa polisi?

Utotoni aliona mwenzake wa shule akiondoka na mwanamke, polisi wakawa wanamtafuta mwanaume, akajaribu kusema hakusikilizwa. Halafu kaka yake akabambikiwa kesi ya Inju. Kaenda kutafuta faili la kaka yake kutokea ndani. Ndo maana mwanzoni ana mdomo mchafu na hamheshimu mtu. Anayemgeuza ni sauti ya mtu ambaye hajawahi kumwona, ambaye kila wakikata mawasiliano anakwenda kufanya alichosema atafanya.

Soo-hyun ni mpenzi wa Jae-han au?

Hawajawahi kuwa wapenzi. Kwenye kikosi cha miaka ya 90 yeye ni mwanamke peke yake, wanamwita "nukta tano", maana yake nusu mtu. Jae-han anamfokea, anamfundisha kuendesha gari, na baada ya Soo-hyun kutekwa na muuaji wa Hongwon mwaka 1997 na kuponea chupuchupu ndo unaona jinsi anavyomjali. Kilichobaki kati yao ni kibandiko cha uso wa tabasamu, cha njano, ambacho Soo-hyun alikibandika kwenye redio ya Jae-han. Ndo redio ileile.

Jae-han anapotea Agosti 2000, na kwa miaka 15 kila yakipatikana mabaki ya mwanaume asiyejulikana Soo-hyun anakwenda chumba cha maiti, anauliza kuhusu urefu, anauliza kuhusu chuma kwenye bega. Kila mara anakuta siye na anarudi kazini. Kim Hye-soo anaigiza umri wa miaka ishirini na kitu na arobaini na kitu na siyo nywele wala nguo zinazomtofautisha, ni jinsi anavyosimama.

Ahn Chi-soo na Kim Bum-joo wote ni waovu sawa?

Hapana. Wote ni wakubwa wa polisi, ila Kim Bum-joo anapanda vyeo kwa kuuza kesi na usiku analala vizuri tu. Ahn Chi-soo alikuwa na binti mgonjwa, akachukua pesa mara moja, ile mara moja ikamvuta mpaka kumuua mwenzake Jae-han. Hatuombwi kumsamehe. Ila ukiangalia mara ya pili utaona tangu epsodi ya kwanza hawezi kumwangalia Soo-hyun usoni kwa muda mrefu.

## Mwisho na mambo ya pembeni

Mwisho unamaanisha nini? Jae-han yupo hai?

Yupo hai. Usiku wa tarehe 3 Agosti 2000 unageuka, anapona. Hae-young aliyekufa kwa risasi anaamka kwao, mama yake yupo nyumbani, kaka yake jina limesafishwa ingawa hakurudi. Ila Jae-han wa historia mpya naye amepotea kwa sababu aliendelea kumfuata mwanasiasa Jang Young-chul. Hae-young na Soo-hyun wanafuata anwani, wapo barabarani pembeni ya bahari, na Jae-han yupo chumba cha hospitali huku kuna watu wanakuja.

Wanaosema mwisho umekatika nawaelewa, ila mimi siungi mkono. Swali lililoanza epsodi ya kwanza lilikuwa Jae-han yuko wapi, na limejibiwa.

Kama Jae-han hakufa mwaka 2000, redio ilianzaje kuwaita?

Hapa ndo penye tundu kweli, sitaficha. Historia mpya inafuta sababu ya historia ya zamani. Jibu pekee ninaloliona ndani ya tamthilia yenyewe ni kumbukumbu: historia ya kwanza haijafutika kwa sababu kuna watu wanaibeba (rudi kwenye swali la nani anakumbuka). Kama hilo halikutoshi, sawa, una haki.

Nianzie remake ya Japani?

Ipo, ya mwaka 2018, staringi ni Kentaro Sakaguchi. Anza na ya Korea. Sheria, daraja, miaka, vyote ni vya kwao.

Kuna sizoni ya pili?

Ilitangazwa, inaitwa Second Signal.

Nikirudia, niangalie nini?

Ile simu ya kwanza kabisa. Mara ya kwanza unamsikiliza Hae-young kwa sababu ndo amechanganyikiwa kama wewe. Safari hii msikilize Jae-han. Yupo peke yake usiku, amekuta mabaki ya mtu, na anamuuliza Hae-young kwa nini alimwambia asije huku. Alishaonywa, na alikuja.